Goti Langu na Sahani ya Nabintu

Cimpunda, jioni

Nsimire mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi upesi, maana wasichana wakiagana hulia kwanza, kisha hucheka, kisha huanza kulia upya. Basi nimepata nafasi. Maman yako amekwisha kukupa maagizo yote: chandarua, maji ya kuchemsha, usikae karibu na mlango wa basi, usimwazime mtu blauzi yako ya kazi. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata kama ningekuwa nalo usingelisikia, masikio yako yamejaa tangu juzi.

Nina jambo moja tu. Juzi ulipokuwa ukikunja nguo, ulimuuliza maman yako kwa sauti ya chini: "Maman, kule kwa shangazi, nitakuwa ninakulaka wapi?" Naye akakujibu kwamba Mungu atakulinda. Hamkujua kwamba nilikuwa nyuma ya pazia natafuta kopo langu la misumari. Nilisimama pale na kopo mkononi, nikaona haya kama mtu aliyekutwa ndani ya nyumba ya wengine.

Wewe ni muuguzi, una diploma. Unaenda Uvira kufanya kazi kwenye kituo cha afya, na utakaa kwa Nabintu, dada yangu wa tumbo moja, ambaye alifungua mlango wake kabla hatujambishia hodi. Na unaogopa kula chakula chake. Hofu hiyo hukuzaliwa nayo, mwanangu. Nilikupa mimi, na sitaki upande nayo basi kesho.

Labda unamkumbuka kidogo. Ulikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka wakati Nabintu alipokuwa akikaa hapahapa Cimpunda, chini kidogo ya nyumba yetu, mahali ambapo njia huteleza mvua ikinyesha. Alikuwa na malewa yake karibu na soko la Kadutu, kibanda cha meza mbili na mabenchi niliyomtengenezea mwenyewe. Alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, na Jumamosi nyama ya mbuzi. Mafundi walikula kwake, wabeba mizigo walikula kwake, na walimu ambao mshahara wao umechelewa. Alikuwa na mkono mzuri na mdomo mkali. Mtu akilalamika kwamba kipande cha nyama ni kidogo, alimjibu: "Ile ilikuwaka mbuzi, papa, haikuwaka tembo."

Nilimpenda sana. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Bibi yako alipofariki, tuligombana juu ya mikaratusi yake ya shambani kijijini Mudaka. Mimi ni seremala. Nikiona mti naona mbao. Nilitaka kuikata yote nipate mbao za kazi. Nabintu alisema mama aliipanda kwa mikono yake na udongo wa kaburi lake haujakauka, tungoje. Nikamwambia maneno ambayo wanaume wa kwetu huyasema wakikosa hoja, kwamba mwanamke hana neno kwenye shamba la baba. Akaniuliza, "Na ile shamba, nani alikuwaka anailima?" Nikakasirika mara mbili, kwa kuwa alisema kweli.

Siku ya kumaliza matanga ilifanyika kwake. Mimi ndiye niliyeleta nyama. Mbuzi alichinjwa Mudaka alfajiri, nikamfunga kwenye mfuko wa sukari nyuma ya pikipiki, tukasimamishwa njiani muda mrefu juani, nikafika mchana. Nabintu akapika. Watu walikuwa wengi, maji ya bomba yalikuwa yamekatika wiki ile yote, watoto waliteka kutoka chemchemi ya bondeni.

Unaijua desturi yetu ya kasigisi. Anayekukaribisha pombe ya ndizi hunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata fanta hufunguliwa mbele ya mgeni, ajue hakuna mkono uliopita. Siku ile Nabintu alipita na vikombe mikono yote miwili, jasho likimtoka, akanipa changu bila kuonja. Nililiona hilo. Nilikunywa, kwa sababu kukataa kungekuwa matusi, lakini nililiweka moyoni. Na kitu ukikiweka moyoni wakati una hasira, kinaota.

Tumbo lilinishika usiku huohuo. Nilihara damu, nikapata homa, nikamaliza njia yote ya choo. Wajomba wawili walihara pia. Nabintu mwenyewe alihara. Tulipona wote, tukachekana, nikarudi kazini nikiwa nimekonda kidogo, na nikasahau kabisa.

Wiki kadhaa zilipita. Asubuhi moja nilitaka kushuka kitandani, goti la kulia likakataa. Lilikuwa limevimba kama papai na lina moto. Kisha kisigino, nikawa siwezi kukanyaga. Kisha kidole cha mguu kikanenepa peke yake huku wenzake wamebaki walivyo. Macho yakawa mekundu, mwanga wa dirisha ukawa unanichoma. Na nikienda haja ndogo, iliniunguza. Hili la mwisho baba hamwambii binti yake, nakuambia kwa kuwa wewe ni muuguzi. Maman yako aliposikia hilo alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Niliapa kwa kaburi jipya la mama yangu kwamba sijaenda popote. Fikiria mtu ambaye hawezi kutembea mpaka mlangoni anaulizwa ametembea na nani!

Majirani wakaja. Hapa kwetu mgonjwa haulizwi anaumwa wapi. Anaulizwa: "Ulikuliaka kwa nani?"

Ndilo swali la kwanza, na wengi hawafiki kwenye la pili. Umelisikia maisha yako yote, ukiwa hospitalini kwenye mafunzo umelisikia nyuma ya vitanda. Mtu akivimba, akikonda, macho yakibadilika, watu husema ni karuho, sumu ya polepole ambayo kila mmoja anaijua na hakuna aliyewahi kuishika mkononi. Huwekwa kwenye kinywaji, wanasema, na hungoja. Kwa hiyo walipouliza nilikula kwa nani, mdomo wangu ulikuwa tayari. Nikasema, kwa Nabintu. Na hakuonja.

Walinipeleka kwa mganga mmoja huko upande wa Mudaka. Alininywesha unga uliochanganywa na maziwa, nikatapika mpaka nikaona nyota. Akachokoa kwenye beseni kwa kijiti, akatoa kitu cheusi, kama kipande cha nyama kilichooza. "Njo hii karuho," akasema. Nililia kwa furaha, Nsimire. Mtu anayeumwa akionyeshwa kitu, hata kama ni taka, hupumua. Na siku zilizofuata goti lilianza kupungua, polepole sana, lakini lilipungua. Ungenishawishi vipi wakati huo?

Ndipo nikaita ukoo. Waliketi hapa uani, kwenye viti vyangu ambavyo havijapakwa vanishi. Nikasimama na fimbo, nikamtaja dada yangu kwa jina mbele yao. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa mdomo wake mkali, lakini hakuutumia. Aliniuliza tu, kama mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, "Yaya, miye?" Nikamgeuzia kisogo.

Malewa yake ilikufa wiki hiyohiyo. Nani atakula kwa mwanamke aliyemlisha kaka yake karuho? Alipika, akangoja, jioni akamwaga. Vijana wakarusha mawe juu ya mabati yake. Siku moja alikukuta njiani ukitoka shule akakupa biskuti, maman yako akafika mbio akaipiga ikaanguka kwenye matope. Ulilia kwa ajili ya biskuti. Nabintu aliinama akaiokota, akaipangusa, akaila mwenyewe mbele ya watu wote, akaenda zake. Nilikuwa mlangoni pa karakana yangu, niliona. Mwezi haukuisha, akahamia Uvira.

Miaka ikapita. Goti lilikuwa limepona, nikawa napiga magoti kanisani na kazini kama zamani. Kisha msimu mmoja wa mvua tumbo likaharibika tena, nusu ya mtaa iliharibika tumbo, na baada ya majuma kadhaa goti likavimba, macho yakawa mekundu, kila kitu kama mara ya kwanza. Safari hii sikuwa nimekula kwa mtu. Nilikuwa nimekula nyumbani kwangu tu, kwa mkono wa maman yako. Usiku nilimtazama amelala, na aibu yangu ni kwamba nilimtazama vibaya. Asubuhi nikajiogopa mwenyewe. Ndipo nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka. Hakuniuliza nilikula kwa nani. Aliniuliza, "Papa, mbele goti ivimbe, ulipataka diarrhée?" Nikasema ndiyo, nilihara. "Na mara ya kwanza?" Hapo nikakumbuka lile ambalo sikulikumbuka mbele ya ukoo. Nikasema ndiyo. Akachoma sindano kwenye goti, akatoa maji ya njano, wakayapima. Waliporudisha majibu, hapakuwa na mikrobi hata mmoja hai ndani yake. Wala sumu.

"Sasa nini inanivimbisha?" nikamuuliza.

"Mwili yako yenyewe, papa."

Wewe ulisoma haya kwa majina yake makubwa, utacheka namna ninavyoyaeleza. Aliniambia hivi. Kuna mikrobi wanaoingia kwa chakula au kwa maji machafu na kukaa kwenye utumbo. Mwili unawajua, unaamsha walinzi wake, unawapiga. Tumbo linapona. Lakini vipande vya mikrobi waliokufa, vya ganda lao tu, vinaweza kubebwa na damu mpaka kwenye maungio, na walinzi wakavikuta huko. Watu wengine wamezaliwa na alama fulani kwenye chembe zao, na walinzi wao hawajui kutulia. Wanafika kwenye goti, kwenye kisigino, kwenye jicho, kwenye njia ya mkojo, na wanaendelea kupiga wakati hakuna adui tena. Ugonjwa ni hayo mapigo.

Aliona uso wangu haujaelewa. Akasema, "Papa, mwizi akiingia muquartier, munafanyaka nini?" Nikasema tunapiga masufuria, kila mtu anatoka na fimbo. "Na kama mwizi amesha kimbia, lakini batu bangali na fimbo?" Hapo nilielewa. Nimewahi kuona usiku kama huo hapa Cimpunda. Aliyepigwa alikuwa mwenye nyumba, ametoka kuangalia mlango wake.

Nikamuuliza, basi mganga? Akasema goti la namna hii mara nyingi hupungua lenyewe baada ya miezi, na aliyekuwa karibu siku hiyo ndiye hupewa sifa. Nikamuuliza mikrobi wa kwanza alitoka wapi. Akainua mabega. Maji ya chemchemi, mikono ya mtu yeyote, au nyama iliyokaa juani. Nyama niliyoileta mimi mwenyewe nyuma ya pikipiki, Nsimire.

Akanipa vidonge vya kupunguza uvimbe, akanituma kwa daktari wa macho upesi kwa sababu jicho la namna hiyo halingojwi, akanikataza kupiga magoti kazini kwa muda. Nikapona. Nikatoka pale na ukweli wote mfukoni.

Na sikufanya kitu nao. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kuliko kwenye goti. Kukosea kwangu kwa kwanza naweza kukuelezea. Nilikuwa na maumivu, na mtaa mzima uliimba wimbo mmoja. Lakini baada ya daktari sikuwa na maumivu tena. Nilikuwa na haya tu. Nilijisemea nitashuka Uvira, nitaongea naye mdomo kwa mdomo. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, kazi zikaja, kila mara palikuwa na sababu nzuri. Nilimtumia salamu kwa watu. Maman yako sikumwambia, ukoo sikuwaambia. Niliacha jina la dada yangu likae pale nilipolitupa, kwa sababu kuliokota kungenilazimu kuinama mbele ya watu. Wanasema muda huponya. Muda haukuponya kitu hapa, ulikausha tu.

Ulipopata kazi Uvira, nilidhani tutakutafutia chumba. Ni yeye aliyepiga simu, kasikia kwa watu. "Mutoto ya yaya hatalala kwa batu bengine wakati niko." Nilikubali, nikafurahi kama mwoga anavyofurahi. Nikaona mambo yamejitengeneza yenyewe, sasa sihitaji kusema.

Leo mchana alipiga tena. Aliuliza basi linaondoka saa ngapi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumzia bei ya makaa:

"Yaya, minamununuliya mutoto mbabula yake na kasufuria. Na kabati ka kufunga na funguo. Atakuwa anajipikiya yeye peke. Sipende batu baseme tena kitu."

Dada yangu amenunua jiko la pili, kwa ajili ya mtu mmoja, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanamke aliyelisha nusu ya Kadutu amepanga mpwa wake asiguse chungu chake, ili mimi nisije nikamtaja tena. Nikaishusha simu mpaka kifuani. Akadhani mtandao umekatika. "Allô? Yaya? Allô?" Akakata.

Nilikaa kwenye rundo la mbao nikalia, na sioni haya kukuambia. Kisha nikamwita maman yako nikamweleza yote, daktari, sindano, nyama, na lile jicho nililomtazama nalo usiku ule. Alisikiliza amesimama. Nilingoja anitukane. Alikwenda kwenye valizi yako, akatoa kile kifundo cha dawa ya kutapisha alichokuwa amekufichia katikati ya vitenge, akakitupa chooni. Aliporudi aliniambia, "Uko mutu mubaya, Papa Nsimire. Na miye nilipigaka biskuti ya mutoto." Kisha akaenda kukuchomea mahindi ya safari. Mpaka sasa namsikia akigeuza makaa.

Nimepeleka habari kwa ukoo. Jumapili baada ya misa waje hapa uani, walewale waliokuwepo, wale walio hai. Nitasimama na nitalitaja jina lake tena. Wengine watasema nimelogwa ulimi, na wengine hawataamini mpaka wafe. Hiyo ni juu yangu. Nitampigia simu kabla, asikie kwangu kwanza. Sijui kama atanisamehe, na wewe usiniombee. Usinibebee maneno wala zawadi. Deni la mtu halilipwi na mtoto wake.

Ila damu yangu unayo. Huenda na ile alama unayo. Basi huko uendako, ambako matumbo huharibika kila mvua, tumbo likikusumbua na baada ya wiki chache kiungo kikavimba au jicho likawa jekundu, nenda kwa daktari na uanze kumweleza habari za tumbo. Na ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, ndugu zake wakaanza kuulizana alikula kwa nani, wahi wewe kuuliza la kwako. Unaweza kuokoa goti. Unaweza kuokoa na mtu mwingine ambaye hayumo chumbani.

Kesho jioni utafika. Utaonyeshwa mbabula mpya, haijawashwa. Mshukuru, na umwombe ampe jirani asiye nayo. Kabati lisifungwe. Nenda jikoni kwake, kaa kwenye kigoda chake, na atakachopakua, kula. Usisali sala ndefu ya kutafuta ujasiri, usichunguze, usinipigie simu kuniambia kwamba umekula. Ni chakula tu, na umechoka na safari.

Na kama sombe imezidi chumvi, mwambie palepale. Mgeni ndiye husifu kila sahani. Wewe unaenda kwa watu wako.

Papa yako